Sufuria Namba Arobaini na Moja

Lilikuwa kwangu. Sufuria la Bi Kidawa, lile la pilau, lenye mikono miwili, ambalo mtaa mzima umelisaka kwa miaka sita, lilikuwa kwangu. Niliapa kwamba sinalo. Niliapa mbele ya watu, tena Ramadhani, tena mchana, nikiwa nimefunga. Lilikuwa kwangu mpaka leo saa tano na nusu asubuhi.

Nawaandikia mapema kabla hamjasikia kwa wengine, maana hapa Bagamoyo habari haina subira ya kutembea. Leo nimevuliwa nguo hadharani (kwa maneno tu, msianze). Na aliyenivua ni mimi mwenyewe, kwa digrii yangu mwenyewe.

Wanaonifuata hapa wanajua kwamba mkataba wangu wa kazi uliisha mwezi wa tatu. Miaka kumi na tisa nimetunza kompyuta za taasisi moja ambayo sitaitaja. Daftari la mali la taasisi hiyo lilikuwa kazi ya kubuni kuliko chochote nilichowahi kuandika mimi. Kulikuwa na jenereta ambalo, kwa mujibu wa daftari, liko stoo. Kwa mujibu wa masikio ya watu wa Makurunge, liko shambani kwa bosi wetu, na linanguruma kila umeme ukikatika. Mtakumbuka niliandika makala ndefu hapa kuhusu jenereta hilo. Niliwasema watu wanaokalia vitu visivyo vyao. Nilitumia neno "aibu" mara tano. Niliiandika jikoni, nikiwa nimekaa hatua mbili kutoka kwenye sufuria la Bi Kidawa.

Basi. Mwezi uliopita nikaona tangazo. Kampuni moja ya Dar inatafuta msimamizi wa kumbukumbu za miundombinu yake ya kompyuta. Kwa lugha ya watu: kampuni ina mashine nyingi na haijui ziko wapi. Inatakiwa programu ipite kwenye mtandao wao kama karani wa sensa, ibishe hodi kila mlango, iulize "nani yumo humu?" Halafu mtu mmoja akae na daftari lisilosema uongo: hiki ni kitu gani, kiko wapi, cha nani, kinategemea nini, na nani alikigusa mwisho.

Nikasema kazi hii ni yangu. Kosa langu nililisema kwa sauti. Nilimwambia dada yangu Zuhura, ninayeishi naye. Nikamwambia muuza samaki. Nikamwambia imamu, ambaye hakuwa ameuliza. Nina miaka arobaini na tisa, na kazi za kompyuta kwa mwanamke wa umri huo ni nadra kama mgeni anayekuja na mchele wake. Nikiikosa hii, kilichobaki ni kwenda kufuga kuku na kaka yangu Kerege. (Nimewahi kukaa na kuku hao wiki moja. Hatukupatana.)

Nikaanza kujiandaa. Kwanza nilimsikiliza kijana mmoja mtandaoni anayejiita kocha wa usaili. Kwa dakika arobaini alieleza kwamba siri ya usaili ni kujiamini. Dakika arobaini! Nina shangazi aliyekuwa akisema hivyo hivyo kwa sekunde mbili: "Nyoosha mgongo." Halafu nikapata orodha ya maswali na majibu yake, ambayo watu wanayameza mazimamazima na kwenda kuyatapika mbele ya mameza ya watu. Nikayadharau. Mimi ni msomi, nikasema. Mimi nitajifunza kwa vitendo.

Nikaamua jiko langu liwe kituo cha kompyuta.

Kila kilichomo jikoni nikakipa namba. Nikatengeneza jedwali zuri sana: jina la kitu, mahali kilipo, mmiliki, hali yake, kinategemea nini. Siku ya kwanza nikiwa chini ya meza natazama kitako cha birika, Zuhura akaingia.

"Mwanaidi! Unahesabu vyombo? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Najiandaa na usaili."

"Usaili wa upishi?"

Nikamweleza habari ya utegemezi. Blenda inategemea soketi. Soketi inategemea luku. Luku inamtegemea Zuhura, ambaye ni zamu yake kununua umeme. "Na Zuhura," nikamalizia, "hategemeki."

Akachukua kikombe namba saba akaondoka nacho, bila kuomba kibali, bila kujaza popote.

Nilijivuna zaidi kwa jambo moja. Nililiwekea jedwali langu ukurasa wa historia. Ukibadilisha neno lolote, lenyewe linaandika pembeni: neno la zamani, neno jipya, tarehe, saa. Halifutiki. Mtunza kumbukumbu wa kweli, nikawa najisemesha, hajiachii hata yeye mwenyewe mwanya wa kudanganya.

Nikafika namba arobaini na moja. Sufuria kubwa la pilau, na mfuniko wake. Mahali: chini ya meza, nyuma ya pazia. Kazi: kuwekea unga wa sembe. Hali: nzuri sana, mkono mmoja umekazwa na fundi. Mmiliki:

Hapo vidole vikasita.

Acha niwaeleze, maana baadhi yenu si wa Pwani. Kwetu harusi, msiba au hitima haina chombo cha mtu mmoja. Vyombo vinatoka nyumba hii na ile, na ili virudi kwa wenyewe, kila mwanamke ana alama yake. Mwingine hufunga uzi mwekundu mkononi. Mwingine hupaka rangi ya kucha. Bi Kidawa, ambaye kwa miaka thelathini ndiye mkuu wa vyombo vyote vya mtaa, ana rangi ya bluu iliyobaki alipopaka mlango wa nyumba yake: mistari mitatu chini ya mkono, na herufi zake mbili kitakoni. Mtoto wa chekechea hapa anaijua bluu hiyo.

Miaka sita iliyopita tulifanya arobaini ya mama yetu. Bi Kidawa alitupa masufuria manne. Wiki mbili baadaye akaja barazani.

"Mwanangu, masufuria yangu yamerudi matatu."

"Tulirudisha yote, Bi Kidawa."

"Katazame vizuri."

"Bi Kidawa," nikamwambia, Mungu anisamehe, "mimi ni mtu wa kumbukumbu."

Akauliza tena mwezi wa Ramadhani, mbele ya wanawake waliokuja kusoma. Ndipo nikaapa. Na sikuwa nadanganya! Kesho yake nikaingia stoo kutafuta mkeka, nikauinua, nikakutana na bluu. Zuhura ndiye alikuwa amelifunika.

Ningelibeba saa ile ile, leo nisingekuwa na cha kuwaandikia. Lakini nilikuwa nimeapa jana tu. Nikasema nitalipeleka mambo yakipoa. Hayakupoa, yalihamia kwingine: wanawake walikuwa wamekwishakata shauri kwamba sufuria limebebwa na wageni wetu wa Ubena. Hao ni ndugu wa baba yangu mzazi. Watu wa heshima, walikuja msibani na kiroba cha maharage. Tangu siku ile, mtu wa Ubena akija kwenye shughuli mtaani kwetu anahesabiwa mpaka kijiko. Miaka sita! Nami nilikuwa natikisa kichwa pamoja na wengine, nasema, "Watu hao, basi tu."

Kwenye jedwali niliandika ukweli. Mmiliki: Bi Kidawa. Ilikuwa ni mazoezi tu, nani ataona? Hata niliona raha, kama mtu aliyetua mzigo.

Leo asubuhi saa mbili, nikipitia kazi yangu kabla ya usaili, nikaliona jina lile nikapata aibu. Nikalifuta. Nikaandika: Mwanaidi.

Sasa niwape jambo moja zaidi kabla hatujaingia kwenye usaili wenyewe. Fomu ya kampuni ilitaka wadhamini watatu, mmoja awe mtu anayezijua tabia zako mahali unapoishi. Kwetu hakuna wa kushindana na Bi Kidawa. Bi Kidawa akisema huyu mtu, ni mtu. Nikamwandika wa kwanza. Wala sufuria halikunijia akilini, maana uongo ukikaa miaka sita unaota mizizi, unakuwa samani ya nyumba. Nilimwendea nikamwomba ruhusa.

"Wakinipigia," akasema, "nitasema ninayoyajua."

Nikamshukuru sana. Nikadhani ni ndiyo.

Usaili ulikuwa saa nne, kwa video. Mtandao kwetu unashika vizuri jikoni tu, karibu na dirisha, kwa hiyo nikakaa humo na koti langu la kazini. Zuhura nilimkataza kukohoa. Upande wa pili walikuwa wawili: bwana mmoja mwenye tai, mwenyekiti, na dada mmoja anaitwa Rehema, mtaalamu wao, mtulivu, lafudhi ya Tanga. Ningejua mapema kwamba hatari ni yule mtulivu! Mimi nilikuwa naiogopa tai.

Tai iliuliza maswali ya kitabuni. Nikayajibu huku nimenyoosha mgongo. Kila kifaa lazima kiwe na mwenyewe aliyeandikwa, nikasema. Kumbukumbu isiyolingana na hali halisi ni mbaya kuliko kutokuwa na kumbukumbu. Bwana akawa anaitikia kwa kichwa. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kupanga nitakaa upande gani wa ofisi.

Rehema akauliza swali lake la kwanza. "Kuna kifaa kipo kwenye mtandao, lakini programu ikikiuliza hakijibu. Utajuaje kwamba kipo?"

Nikaongea dakika sita. Sitawaficha, hata mimi sikuwa najielewa. Nilipita kwenye usalama wa mitandao, nikazungukia kwenye umuhimu wa mafunzo kwa wafanyakazi, nikamalizia na methali.

"Asante," akasema Rehema. (Kuna asante za namna nyingi. Ile ilikuwa ya kumsindikiza mtu mpaka mlangoni.)

Nikaona kazi inaponyoka. Kwa hiyo nikatoa silaha yangu. "Kama mtaniruhusu," nikasema, "ningependa kuwaonyesha mfano niliotengeneza mwenyewe. Nimeliorodhesha jiko langu."

Bwana mwenye tai akacheka kwa furaha. "Jiko! Hebu tuone."

Nikawafungulia jedwali kwenye skrini. Walipenda! Walicheka kwa blenda na luku. Nikawaonyesha na ukurasa wa historia, nikasema lile neno langu la mwanya wa kudanganya.

"Safi," akasema Rehema. "Basi tuhakiki kitu kimoja. Namba arobaini na moja."

Vitu sabini na viwili vilikuwa kwenye jedwali lile. Kulikuwa na kifungulia chupa. Kulikuwa na chujio! Baadaye nilielewa kwa nini hakuangukia kwenye chujio: ukurasa wa historia ulikuwa na mstari mmoja tu wa leo, na ulikuwa juu kabisa.

"Naona safu ya mmiliki imebadilishwa leo, saa mbili na dakika kumi," akasoma taratibu. "Kutoka Bi Kidawa, kuwa Mwanaidi. Nani aliidhinisha badiliko hili?"

"Hayo," nikasema, "ni marekebisho madogo ya kiuandishi."

"Kwa hiyo sufuria ni lako?"

"Ni langu."

"Tunaweza kuliona?"

Ningesema limeazimwa. Ningesema mtandao unakata. Nilifanya nini? Nikainama, nikalivuta kutoka nyuma ya pazia, nikaliinamisha mbele ya kamera kuonyesha lilivyo na hali nzuri. Unga ukanimwagikia kifuani. Na mistari mitatu ya bluu ikajaa skrini nzima.

"Hiyo rangi?" akauliza Rehema.

"Mapambo."

Tanga nako wana shughuli, ndugu zangu. Tanga nako wanatia alama. Nikamwona anafunua karatasi mezani kwake, moja, ya pili, akasimama kwenye moja.

"Dada Mwanaidi, mdhamini wako wa kwanza hapa ameandikwa Bi Kidawa. Ni jina tu limefanana?"

Nikageuka kuitazama friji, kitu namba mbili, kana kwamba yenyewe ndiyo imeulizwa.

"Tutampigia leo," akasema. "Kabla ya adhuhuri. Asante kwa muda wako."

Skrini ikazima, nikabaki najitazama mwenyewe, koti jeupe kama la mfanyakazi wa mashine ya kusaga.

Nikampigia Bi Kidawa. Simu inatumika. Nikapiga tena. Inatumika. Nikajua kwisha, wameshampata. Nikamimina unga kwenye ndoo ya kufulia, nikalizungushia sufuria kanga ya kwanza niliyoishika.

"Unga wangu!" akapiga kelele Zuhura. "Na kanga yangu! Unakwenda wapi?"

"Kurudisha."

Akanitazama, akatazama bluu inayochungulia kwenye kanga. "Leo? Baada ya miaka sita, leo? Kesho Bi Kidawa anamwoza mjukuu wake, mtaa mzima uko uani kwake!"

Hilo nalo nilikuwa nimelisahau. (Mtu wa kumbukumbu.)

Kutoka kwangu hadi kwa Bi Kidawa ni mwendo wa dakika nane. Lakini hizo ni dakika nane za mbwa. Binadamu huku hapiti mbele ya mkubwa kama upepo. Nikiwa na sufuria kichwani, koti la unga mwilini na kazi yangu inakata roho, nikakutana na Mzee Athumani, fundi saa, kwenye ubao wake.

"Shikamoo, Mzee Athumani."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama, mzee."

"Nyumbani?"

"Salama."

"Zuhura goti lake?"

"Linaendelea."

"Na usaili? Imamu alitwambia."

"Ndiyo natoka huko."

Akanitazama kuanzia koti mpaka sufuria. "Hizi kazi za siku hizi," akasema, "zina mambo."

Hatua thelathini mbele yuko Mama Salha wa maandazi, mwanamke mwenye macho yanayoona hadi kilicho mfukoni. Kanga ilikuwa imeteleza.

"We Mwanaidi! Hilo si la Bi Kidawa? Lililokwenda Ubena?"

"Ndilo. Limerudi."

"Limerudi na nani?"

"Na... basi la asubuhi."

Naam. Nilikuwa njiani kwenda kuungama, na bado nikaongeza uongo mwingine, wa moto kabisa, wa leo leo. Wengine huzaliwa na kipaji cha kuimba.

Mama Salha ana simu. Nilipofika kwa Bi Kidawa habari ilikuwa imeshatangulia, imeshakaribishwa, imeshapewa chai. Niliposukuma mlango wa uani nikapokewa na vigelegele. Wanawake kama ishirini wamekaa juu ya mbuzi wanakuna nazi, wengine wanachambua mchele.

"Limerudi! La Ubena limerudi!"

"Wameona haya wenyewe!"

"Basi liosheni kwa chumvi, lisije likawa na majini yao!"

Katikati yao Bi Kidawa, kwenye kigoda, mikono miwili ndani ya karai la nyama na masala mpaka kwenye viwiko. Hakupiga kigelegele. Pembeni yake, juu ya mkeka, simu.

"Shikamoo, Bi Kidawa."

"Marahaba. Litue."

Nikalitua.

"Wanasema limekuja na basi," akasema. "Limetoka Ubena?"

Msinisifu kwa yanayofuata. Kinywa kilikuwa kimeshajipanga kusema ndiyo. Ningepata kazi, watu wa Ubena wangekuwa wameona haya, kila mtu angekula pilau. Lakini nilitazama chini. Sufuria lina unga wa sembe kwenye ukingo. Koti langu lina unga ule ule. Na kanga iliyofunga sufuria ni ya Zuhura, aliyoivaa Jumapili mbele ya wote hawa. Hata mwongo ana kikomo cha kuwadharau watu.

"Halijafika Ubena," nikasema. "Halijafika hata Kerege. Lilikuwa jikoni kwangu, Bi Kidawa. Miaka yote sita."

Mbuzi zote zikasimama. Mtu mmoja akasema "Eeh!" kwa namna ambayo bado naisikia.

Simu ikalia.

Bi Kidawa akainua mikono yake yenye masala, akaitazama, akanitazama. "Ulipokuwa unanipigia nilikuwa naongea na mwenye nazi," akasema. "Hao sasa ndio watu wako wa Dar. Nipokelee. Weka sauti kubwa, masikio yangu unayajua."

Yaani nimshikie simu, ndugu zangu. Mimi. Nikaishika mbele ya kinywa chake kama mwandishi wa habari, wanawake ishirini wamesogea.

"Shikamoo, mama. Naitwa Rehema, napiga kutoka Dar."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watoto wazima?"

"Wazima, mama. Samahani kwa usumbufu. Tuna mwombaji wa kazi, ametaja jina lako. Mwanaidi. Unamfahamu?"

"Namfahamu. Ndiye aliyeshika simu."

"Yuko hapo?"

"Yupo. Na sufuria lipo."

Uani pakalipuka kwa kicheko. Bi Kidawa akawatuliza kwa jicho. Upande wa pili nikasikia bwana mwenye tai anauliza, "Kasema lipo?"

"Mama," akaendelea Rehema, "nikuulize waziwazi. Ni mtu mwaminifu?"

Bi Kidawa alilivuta sufuria kwa kisigino, akaliinamisha, akachungulia ndani. Akaligonga kwa kifundo cha kidole, likalia. Akatikisa mkono wa kulia, halafu wa kushoto.

"Nitasema ninayoyajua," akasema. "Sufuria hili kakaa nalo miaka sita. Halina kibonyeo. Halikuungua. Mkono huu ulikuwa unacheza, kaukaza. Mfuniko wake huu hapa. Nina masufuria niliyowaazima watu waaminifu, yamerudi juzi tu, ukiyaona utalia." Wanawake wawili wakatazama chini. "Kwa kutunza, anatunza. Kwa kusema ukweli, ameanza leo, hapa, sasa hivi, hata dakika tano hazijafika. Ile funga aliyoapia, hiyo ni yake na Mola wake, mimi simo."

"Kwa hiyo hukujua muda wote kwamba analo?"

"Nilijua tangu mwaka ule ule."

Nusura niangushe simu kwenye nyama.

"Ulijuaje, mama, na hukuliona?"

"Kwa sababu sikuliona! Nyumba zote za mtaa huu naingia mpaka jikoni. Kwake, miaka sita, nikibisha hodi ananikimbilia barazani. Nikisema ninywe maji, ananiletea. Nikisema nikaoshe mikono, ananimiminia. Mlango ambao kila ukiugonga mtu anakutokea kwa mlango mwingine, mwanangu, huo umeshakujibu."

Kwenye simu ikaja sauti ya vidole vinavyopiga kompyuta, haraka haraka.

"Rudia hapo mwisho, mama," akasema Rehema.

Bi Kidawa akarudia. Akawa anaandikwa. Lile swali langu la dakika sita na methali, limejibiwa na mtu mwenye mikono ndani ya karai.

"Na kwa nini hukulichukua?"

"Nilichukue kwa nguvu nipate sufuria, nikose mtu?" Akanigeukia kidogo. "Ila nimechoka kusubiri. Na watu wa Ubena nimewaalika harusini, kesho atawapakulia yeye, mmoja mmoja, kwa mkono wake, na atawaambia kwa nini."

"Swali la mwisho, mama. Tukimkabidhi mashine zetu?"

"Mpeni. Hazitapotea, atazitazama asubuhi na jioni. Lakini kila moja itieni rangi kitakoni."

Rehema akacheka, kicheko cha mtu aliyekizuia tangu saa nne. Nikasikia wananong'ona na bwana mwenye tai, nikasikia neno "sufuria" mara mbili, nikasikia kiti kinasogea. Wanawake ishirini wameshika pumzi kana kwamba kazi ni yao.

"Basi mama, mwambie—"

"Mwambie mwenyewe. Simu kaishika yeye."

"Dada Mwanaidi?"

"Nipo," nikasema.

"Uanze kazi Jumatatu, saa mbili kamili," akasema Rehema. "Na uje na mkoba mdogo, usioingia sufuria."